Habari za Zanzibar, Nchi ya Visiwa

Muhula uliopita Mwalimu wetu wa Jiografia alitupa kazi ya kuandika habari za nchi moja ndogo ya pwani: mahali ilipo, serikali yake, desturi za watu wake, na wageni wanaokwenda kuitazama. Wenzangu wengi walikimbilia Afrika ya Magharibi. Mmoja alichukua Ghana, mwingine Senegali, na jirani yangu wa kitanda katika bweni akachukua Gambia. Mimi niliomba Zanzibar. Darasa zima lilicheka, na mmoja akasema kwa sauti, "Hiyo si nchi, Mwalimu, hiyo ni sehemu ya Tanzania." Mwalimu hakucheka. Aliniambia, "Andika, lakini uandike kama mtu ambaye hajapata kufika huko. Usije ukatusifia kwenu tu."

Kazi ile ilikuwa ya kurasa nne. Mhariri wa gazeti letu ameniomba niiongeze ili wazazi na wanafunzi wa madarasa mengine nao waisome, na ndiyo haya. Agizo la Mwalimu nimelivunja mahali pawili au patatu, na msomaji atapaona. Sababu ni kwamba nimezaliwa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, na nikaletwa hapa Temeke na mjomba wangu kwa ajili ya masomo. Mwaka ujao nitatimiza miaka kumi na minane, na jamaa zangu wananingojea nitie mkono wangu katika karatasi moja ya kiwanja. Habari za kiwanja hicho nitazieleza mahali pake.

Zanzibar ni visiwa viwili vikubwa, Unguja na Pemba, pamoja na visiwa vidogo vingi kama Tumbatu, Uzi, Chumbe, Changuu, Misali na Mnemba. Watu wengi wa Bara hudhani kuwa Zanzibar ni jina la kisiwa kimoja tu, na kosa hili huwaudhi Wapemba, nao wana haki. Unguja ina urefu wa kama kilomita 85, na Pemba kama kilomita 67. Visiwa vyote pamoja havifiki kilomita za mraba 3,000, lakini hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilipata watu 1,889,773. Gambia ya jirani yangu ni kubwa zaidi ya mara nne, na watu wake ni milioni mbili na kitu. Basi mtu ataona jinsi tulivyobanana.

Tofauti ya Unguja na Pemba imo chini ya maji. Mkondo wa bahari baina ya Unguja na Bara una kina kidogo. Mahali pengi haupiti mita 60. Zamani za kale, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, bahari ilishuka sana hata mnyama aliweza kutoka upande wa Bagamoyo akafika Unguja kwa miguu. Ndiyo maana Unguja palikuwa na chui, na mpaka leo wako paa, na yuko kima punju mwenye mgongo mwekundu ambaye asili yake ni kisiwa hicho peke yake. Lakini mkondo wa Pemba ni shimo. Kina chake ni mamia ya mita, nao haukukauka hata wakati ule. Kwa hiyo chui hakufika Pemba. Badala yake yuko popo mkubwa anayekula matunda, ambaye haonekani penginepo duniani. Nilipolisoma jambo hili nilifurahi sana, maana tangu utoto nilisikia kwamba Pemba ni mbali, lakini sikujua kuwa umbali wake ni wa kwenda chini pia.

Upande wa magharibi wa Unguja una udongo mzuri wa kina, na huko ndiko kwenye mikarafuu, minazi, migomba, na mpunga wa mabondeni. Kilima cha Masingini, kilicho kirefu kupita vyote, hakizidi mita 120. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, yaani jiwe la matumbawe lililoinuka kutoka baharini zamani, na udongo wake umejificha katika mashimo ya mawe. Mkulima wa maweni huchokoa udongo baina ya mawe, akapanda mtama, kunde au muhogo. Huko kwetu hapana mto. Mvua ya masika ikinyesha, jiwe huinywa mara moja. Maji hayo ya mvua hushuka mpaka yakakuta maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Visima vyetu vyote vinachota katika tabaka hilo jembamba. Mtu akichota kwa ndoo, tabaka linabaki. Akivuta kwa pampu mchana na usiku, chumvi hupanda. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili.

Jambo jingine la pwani ya mashariki ni kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mpaka karibu na mwamba, kiasi cha kilomita moja au zaidi, na bahari hugeuka kuwa kiwanja cheupe chenye madimbwi. Hapo ndipo wanawake hushuka na vikapu, wengine kutafuta pweza na chaza, wengine kwenda katika mashamba ya mwani. Katika maji mafu bahari haitoki sana, na kazi husimama. Mwanamke wa Jambiani anaijua tarehe ya mwezi hata kama hana kalenda.

Sasa nije kwenye neno lililochekesha darasa. Je, Zanzibar ni nchi?

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890. Ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani, na siku chache baadaye ikapewa kiti katika Umoja wa Mataifa. Mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi, na Sheikh Abeid Amani Karume akawa Rais. Tarehe 26 Aprili mwaka huo huo Zanzibar ikaungana na Tanganyika, na viti viwili vya Umoja wa Mataifa vikawa kimoja. Tangu hapo Zanzibar haina balozi wake, wala jeshi, wala fedha zake. Lakini nyumbani ina Rais wake, ina Katiba yake ya mwaka 1984, ina Baraza la Wawakilishi linalokutana Chukwani, ina mahakama zake, na ina bendera yake iliyoanza kutumika mwaka 2005. Mambo ya nchi za nje, ulinzi, polisi, uraia, fedha, na elimu ya juu ni mambo ya Muungano. Mtihani wetu wa kidato cha nne nao ni wa Muungano, kwa hiyo mwenzangu aliyebaki Jambiani atafanya karatasi ile ile nitakayofanya mimi hapa Temeke. Lakini kilimo, afya, skuli za msingi na sekondari, utalii, na ardhi ni mambo ya Zanzibar yenyewe.

Kwa utawala wa chini, nchi imegawanywa katika mikoa mitano, mitatu ya Unguja na miwili ya Pemba, na kila wilaya ina shehia zake. Kiongozi wa shehia huitwa Sheha. Mwananchi wa kawaida humjua Sheha kuliko Waziri, maana hakuna karatasi ya maana inayopita bila yeye.

Uchaguzi ulileta ugomvi mkubwa mara nyingi, na Januari 2001 damu ilimwagika. Ndipo tarehe 31 Julai 2010 watu wakapiga kura ya maoni, na karibu theluthi mbili wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kwa mpango huo Makamu wa Kwanza wa Rais hutoka katika chama kilichofuata kwa kura, na Makamu wa Pili hutoka katika chama cha Rais. Ugomvi haukwisha wote, lakini mpango huo umebaki katika Katiba.

Wale wanaopenda mpira watakumbuka habari nyingine. Machi 2017 Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Mpira la Afrika, na watu wakaimba mitaani. Haikufika miezi mitano, Julai mwaka huo huo ikatolewa, kwa sababu ilisemwa kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Kumbe hata wakubwa wa mpira waliulizana swali lile lile la darasa letu, wakajibu ndiyo, kisha wakajibu hapana. Mimi nilimjibu mwenzangu hivi: Zanzibar ni nchi ukiwa ndani yake, na ni sehemu ya nchi ukiwa nje. Alisema hilo ni jibu la mwanasheria.

Jirani yangu wa kitanda alinisaidia hapa bila kukusudia. Gambia, ambayo imezungukwa na Senegali pande zote ila baharini, iliungana na Senegali katika shirikisho mwaka 1982, na mwaka 1989 shirikisho hilo likavunjwa. Yao ilidumu miaka saba, na yetu imepita sitini. Tulikaa usiku mmoja tukilinganisha, mpaka kiranja akatuzimia taa.

Desturi za watu ni somo refu, nami nitachagua machache. Uislamu ni wa kale sana huko. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, yamo maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe, yenye tarehe ya mwaka 1107. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kila mwaka, na upepo wa kusi ukayarudisha, na watu waliongojea upepo walioa, wakajenga, wakabaki. Taarabu ilitoka katika nyumba za wakubwa ikaingia kwa watu wote, na aliyeiingiza zaidi ni Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa maskini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay akaimba katika sahani za santuri kwa Kiswahili. Huko Makunduchi, jirani zetu wa kusini, kila Julai hufanywa Mwaka Kogwa: wanaume wa pande mbili hupigana kwa magomba ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba. Siku hizi wageni ni wengi hata wenyeji hawapati nafasi ya kupigana vizuri.

Lugha nitaisemea kidogo zaidi, kwa kuwa nimeonewa. Nilipofika shule hii niliita shule "skuli", nyanya "tungule", na viazi vya Kizungu "mbatata", na bweni zima likaniita Tungule kwa mwaka mzima. Basi naomba wenzangu wajue kwamba mwaka 1928, katika mkutano uliofanywa Mombasa, Kiswahili cha mji wa Unguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika ya Mashariki. Vitabu tunavyosoma humu vimetoka katika maneno ya bibi zetu. Kweli, sisi wa kijijini Jambiani hatusemi kama watu wa mjini. Tunayo lahaja yetu ya kusini, ambayo nikiisema hapa hata Mwalimu wa Kiswahili ataomba mkalimani. Lakini hilo sikuwaambia.

Nije sasa kwenye riziki, maana hapo ndipo moyo wa habari hii ulipo.

Ukienda soko la Tandika utauziwa karafuu katika kikaratasi kidogo, na muuzaji atakuapia kuwa ni za Pemba. Mkarafuu si mti wa kwetu kwa asili. Ulitoka visiwa vya Maluku, kule Indonesia, ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa. Seyyid Said wa Omani, aliyehamishia makao yake Unguja karibu na mwaka 1840, aliwahimiza watu kuupanda. Mashamba yale yalilimwa na watumwa waliotolewa Bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, na wajukuu wao ndio sisi pia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu ambalo lipo hata leo. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1872, tufani ilikuja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuumia hivyo, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa shamba la karafuu.

Kwa muda wa miaka mingi Zanzibar iliishi kwa mti huo mmoja. Serikali ilinunua, serikali ikauza, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako watu huchanganya karafuu katika sigara. Kisha Waindonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe mingi, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka vibaya. Nchi ikaona hatari ya kutegemea kitu kimoja kinachonunuliwa na watu wa mbali. Njugu za Gambia zimewafundisha Wagambia jambo hilo hilo.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa hoteli. Wageni walikuja kwa ajili ya fukwe, na kwa ajili ya Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Huko wanatazama milango iliyochongwa, vichochoro, na Ngome Kongwe. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, walilitazama pia, mpaka tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ulipoporomoka wakati likitengenezwa, na watu wawili wakafa. Wengine huenda msitu wa Jozani kumtazama kima punju, au kisiwa cha Chumbe ambako matumbawe yamehifadhiwa tangu miaka ya 1990. Mwaka 2019 walikuja wageni zaidi ya laki tano. Mwaka 2024 walipita laki saba. Hesabu hii ni ya mwaka mmoja, na wenyeji wote, kwa hesabu ya mwaka 2022, hawakufika laki kumi na tisa.

Kaka yangu aliacha skuli kidato cha pili akawa papasi. Neno hili wasomaji wa Bara huenda hawalijui. Papasi ni mdudu kama kupe, agandaye mwilini. Vijana wanaowafuata wageni ufukoni na kuwauzia safari za mashua na mikufu ya kome huitwa hivyo. Si jina la heshima, na yeye halipendi. Lakini lazima niseme haki. Katika msimu mmoja mzuri kaka hupata fedha ambazo mama hazipati kwa mwaka, na bati la nyumba yetu alilinunua yeye. Anazungumza Kitaliano kuliko mimi ninavyozungumza Kiingereza.

Mama yangu analima mwani. Kilimo hiki kilianza kwa biashara mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mkulima hukita vigingi katika mchanga, akafunga kamba baina yake, na katika kamba akaning'iniza vitawi vya mwani kwa vikamba vidogo. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, ukaanikwa juani, ukatiwa magunia. Nchi za nje huutumia kutengeneza kitu cha kugandisha vyakula na dawa ya meno. Wakulima walio wengi ni wanawake. Wakati wa kwanza wanaume waliicheka kazi hiyo, kisha wakaona watoto wana sare mpya. Zipo aina mbili. Ile yenye bei nzuri zaidi haipendi maji ya moto, na kwa kuwa bahari imezidi joto, imekuwa ikifa katika maji mafupi, hata watu wanajaribu kuipanda penye kina. Wanawake wengine hutengeneza sabuni za mwani. Nimeziona zikiuzwa katika maonyesho ya Sabasaba hapa Temeke, nikanunua moja, nikaitunza bila kuitumia.

Mwaka 2020, mwezi wa Machi, wageni waliacha kuja kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwaka ule idadi yao ilishuka ikawa karibu nusu ya ile ya mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hoteli za kijijini zilifunga milango, walinzi peke yao wakabaki. Kaka alikaa barazani miezi mitatu akitazama bahari, bila mtu wa kumwuzia mkufu. Siku moja ya bamvua niliamka nikamwona anashuka pwani nyuma ya mama amebeba vigingi. Hakusema neno, na mama hakumwuliza. Tulikula mwani mwaka ule, yaani tulikula kwa fedha za mwani, na pweza, na muhogo wa maweni. Wageni waliporudi, naye alirudi kwao.

Kiwanja chetu kiko baina ya nyumba na bahari. Babu alipanda minazi hapo, na haijagawanywa baina ya marehemu baba na ami yangu. Kwa sheria ya Zanzibar ardhi yote ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Minazi ni mali ya aliyeipanda na warithi wake. Mgeni hawezi kuimiliki ardhi, lakini anaweza kuikodi kwa miaka mingi sana. Ametokea mtu anayetaka kujenga nyumba za kulala wageni, naye anatoa fedha nyingi ili tumwachie. Ami amekubali. Kaka amekubali, na ameahidiwa kazi. Mimi nilikuwa mtoto, kwa hiyo karatasi imengoja.

Mama hakukataa. Alipoulizwa alisema, "Mimi nitapitia wapi?" Watu wakadhani anafanya mzaha. Lakini ufuko ni wa watu wote, na njia ya kufikia ufuko si ya watu wote. Sasa hivi mama hutoka mlango wa nyuma, akapita chini ya minazi, akafika majini kwa muda wa dakika tatu na gunia la mwani kichwani likiwa bado linachuruzika. Ukijengwa ukuta atazunguka mpaka kwenye njia ya kijiji. Nimepima kwa hatua zangu likizo iliyopita: kwa minazini ni hatua 210, na kwa kuzunguka ni hatua 1,460. Mtu asiyebeba gunia bichi ataona ni mwendo mdogo.

Tena kuna kisima. Nyumba ya tatu kutoka kwetu maji yao yamekuwa ya chumvi tangu pampu kubwa ilipowekwa karibu yao, na sasa wananunua maji kwa madumu. Kisima chetu bado ni kitamu. Mgeni mmoja wa hoteli huoga mara mbili kwa siku, na bustani yake humwagiwa, na bwawa la kuogelea hujazwa. Nyumba yetu ya watu sita haitumii maji ya namna hiyo.

Sisemi kwamba hoteli ni mbaya. Bila hoteli kaka angekwenda Omani kama wengi walivyokwenda, au angekuja hapa Kariakoo kuuza viatu mikononi. Wala sisemi kwamba mwani utatutajirisha, maana mama yangu ana maumivu ya mgongo na macho yake yameharibika kwa mwanga wa maji. Nilipokuwa ninaandika kazi ya Mwalimu nilitaka kujua kwa nini nchi yetu kila mara hupata kitu kimoja kizuri kisha hukishika kwa mikono yote miwili, mpaka hakuna mkono uliobaki.

Nimemwandikia ami barua. Nimemwamkia kama ipasavyo, nikamwambia kuwa siwezi kumpinga mkubwa wangu, lakini naomba mambo mawili yaandikwe katika karatasi hiyo mbele ya Sheha kabla sijatia mkono. La kwanza ni njia ya kwenda pwani, yenye upana wa wanawake wawili wanaopishana na magunia, isiyofungwa mchana wala usiku. La pili ni kwamba pasichimbwe kisima cha pampu katika kiwanja kile. Maji ya hoteli yaletwe kwa bomba au kwa gari. Kama mwenye fedha hakubali, basi na atafute kiwanja kingine. Barua niliipeleka kwa mkono wa mtu aliyekuwa anavuka, maana mambo kama haya hayasemwi kwa simu.

Ami hajajibu. Kaka amenipigia simu mara moja akaniuliza kama huku Temeke wananifundisha kuwa wakili. Mtihani wetu utakwisha Novemba, nami nitavuka kwa boti ya asubuhi. Mwalimu alinirudishia ramani yangu ya Jambiani na alama nzuri, ila aliandika kwa wino mwekundu kwamba ile njia niliyoichora minazini haimo katika ramani yoyote ya serikali aliyoitazama. Nimeiacha.